Maswali Yenu: Makaratasi ya Chama, Kipande cha Babu na Migomo ya Zamani

Tangu Mei Mosi tumepokea barua nyingi kuhusu kumbukumbu za wafanyakazi na vyama vyao. Tumechagua saba ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Tawi letu la chama linahama ofisi. Stoo ina maboksi kama ishirini ya mafaili na madaftari ya mihtasari, mengine ya miaka ya sitini. Mchwa wameshaanza kula na kuna ukungu. Mwenyekiti anataka yachomwe, mimi nimeomba wiki mbili. Nianzie wapi? (Katibu wa tawi, Tanga)

Wiki mbili zinatosha, mradi usizipoteze kwa kupanga. Watu wenye nia njema huanza kwa kumwaga kila kitu sakafuni na kuanza kutenga kwa mwaka au kwa mada. Faili la malalamiko lililokutwa kati ya daftari la michango na bahasha ya barua za mwajiri lina mengi ya kusema kwa sababu lilikaa hapo. Ukilihamisha bila kuandika lilikotoka, unabaki na karatasi isiyo na kwao.

Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya kamera tu. Piga picha rafu nzima, kisha kila boksi likiwa mahali pake, kisha ndani ya boksi kabla hujatoa kitu. Lipe kila boksi namba kwenye kikaratasi, kwa penseli ya 2B. Peni ivujayo au stika yenye gundi itabaki na madhara hata miaka hamsini ijayo. Halafu fungua daftari la orodha lenye safu tano: namba ya boksi, maandishi yaliyo kwenye jalada kama yalivyo (hata yakiwa na makosa), mwaka wa mwanzo na wa mwisho, unene kwa sentimita, na hali. Usisome kila barua. Ukianza kusoma, wiki mbili zitaishia boksi la tatu.

Yaliyoliwa na mchwa na yenye ukungu yatenge chumba kingine siku hiyohiyo. Vaa barakoa na glavu, maana vumbi la ukungu hudhuru mapafu. Usiyaanike juani. Jua huua ukungu wa juu lakini hufifisha wino na kukunja karatasi kama mkeka mkavu. Yaweke kivulini penye upepo, feni ikielekea ukutani, si kwenye karatasi. Ukungu ukishakauka na kuwa unga, upanguse nje ya nyumba kwa brashi mpya laini ya kupakia rangi, ya inchi 2, kutoka katikati ya ukurasa kwenda nje. Ukiupangusa ungali mbichi utaupaka ukurasa mzima.

Dawa ya kupuliza isiguse karatasi hata kidogo, na vidonge vya nondo usiviweke ndani ya boksi. Kwa wadudu waliomo kwenye majalada, friza ni bora kuliko dawa. Funga faili ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba kwa utepe, kisha weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Ukilitoa, liache ndani ya mfuko uliofungwa kwa saa 24 ili umande utue nje ya plastiki. Picha za vioo na negativu zisiingie friza. Mchwa wenyewe wanatoka ardhini. Bomoa njia zao za udongo ukutani, mwite fundi atibu msingi, na huko mnakohamia tumieni rafu za chuma zilizo sentimita 15 juu ya sakafu na 10 kutoka ukutani, ili njia mpya zionekane mapema.

Pini na stepla zenye kutu zitoe. Penyeza kipande cha plastiki laini kati ya pini na karatasi, inua miguu ya pini kwa kisu butu, kisha shona kurasa kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale. Raba zilizoyeyuka ziache zikauke ndipo uzibandue. Selotepu ya zamani iache kama ilivyo, maana ukiivuta inaondoka na maneno. Na tafadhali msipeleke kitu kwenye leminesheni. Joto na gundi vikishaingia kwenye karatasi havitoki, na hapo hakuna mhifadhi wa kuwasaidia. Folda zisizo na asidi ni ghali na hazipatikani kirahisi, lakini kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili kikatoka wanga chafaa kufungia daftari kubwa. Kifunge kwa utepe wa pamba, si kwa kamba ya nailoni.

Mkilazimika kuchagua, okoeni kwanza mihtasari, daftari la wanachama, mafaili ya migogoro na picha. Kisha tafuteni mafaili ya Kamati za Wafanyakazi, zile zilizoundwa kwa sheria ya usalama wa ajira ya 1964. Kwa maoni yetu hizo ndizo hazina ya tawi, kwa kuwa ndani yake mfanyakazi anajieleza kwa mkono wake mwenyewe kwa nini alikatwa mshahara. Mafaili ya 1971 hadi 1973 msiyapite haraka. Mtaona barua za viwandani zikitaja kifungu cha 15 cha Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, dhidi ya mameneja wenye ubwana. Sekula za makao makuu zinaweza kuachwa, kwa kuwa zilitumwa matawi yote. Lakini sekula ambayo katibu wa zamani aliandika pembeni "hii haitekelezeki" si nakala tena.

Karatasi zisizo na tarehe zina dalili zake kwenye kichwa cha barua. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, TFL, liliundwa 1955. Februari 1964 likavunjwa na chama kimoja cha taifa, NUTA, kikaundwa, 1978 ikaja JUWATA, na 1991 OTTU. Tahadhari moja: ofisi zilitumia karatasi za zamani mpaka ziishe, jina likakatwa kwa kalamu. Jina la NUTA linakuambia karatasi haikuandikwa kabla ya 1964. Halikuambii kwamba iliandikwa kabla ya 1978.

Kama mwenyekiti hajashawishika, mwombe jambo moja tu. Kabla ya kiberiti, orodha isomwe kwenye kikao na uamuzi uingie kwenye muhtasari kwa majina. Watu huogopa kusaini hilo.

Babu alikuwa kuli bandarini Kilindini. Anasema aligoma "mwaka wa Mboya", mji mzima ukasimama, na wakawa wanakutana uwanjani Majengo. Binamu yangu anasema mzee anachanganya mambo. Nani mkweli? (Msomaji, Likoni)

Mzee anasema kweli mbili kwa pumzi moja. Mgomo uliosimamisha mji mzima ulianza tarehe 13 Januari 1947 na ukaendelea kwa siku kumi na mbili. Waligoma watu wapatao 15,000, si makuli peke yao, bali na watu wa reli, wa mahoteli na maboi wa majumbani. Uwanja waliokutania wakauita Kiwanja cha Maskini. Sauti iliyovuma baada yake ilikuwa ya Chege Kibachia wa African Workers' Federation, aliyekamatwa Agosti mwaka huohuo na kupelekwa Kabarnet. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, hakuwepo. Aliitwa kutoka Nairobi kwenye mgomo wa bandari wa Machi 1955, na huo ulianza kwa watu wa bandari. Kabla ya hiyo kulikuwa na mgomo wa 1934 na wa 1939, kwa hiyo na baba yake babu huenda ana wake.

Kumbukumbu ya mtu hukunja matukio mawili makubwa yakawa moja. Usimsahihishe babu, hasa kama unarekodi. Akishajua kwamba anapimwa atakupa jibu la kitabuni. Mwaka pia usimuulize. Muulize: wapishi wa Wazungu nao waligoma? Wakikuyu mliofanya nao kazi walikuwa bado wapo, au hali ya hatari ilishatangazwa? Ulikuwa umeoa? Mtoto gani alikuwa kifuani? Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, kwa hiyo jibu la swali la pili peke yake linaweza kutenga hadithi mbili. Na kama anakumbuka baraza la usuluhishi la jaji Thacker, huyo ni wa 1947. Ndiye jaji aliyekuja kusikiliza kesi ya Kapenguria, ya Jomo Kenyatta na wenzake.

Kwenye maandishi yako weka maneno ya babu yalivyo, halafu kwenye mabano ya mraba andika maelezo yako. Msomaji wa baadaye anahitaji vyote viwili, kwa sababu na jinsi watu walivyounganisha migomo hiyo ni historia.

Nimekuta kijaluba cha chuma chenye kamba kwenye sanduku la babu, na ndani mna karatasi iliyokunjwa ikashikana. Mama anaita kipande. Rafiki yangu wa Korogwe anasema babu yake pia alikuwa na kipande, lakini kilikuwa kadi ya siku thelathini. (Msomaji, Kiambu)

Neno moja, vitu viwili, na vitabu vingi huvichanganya. Cha Kenya kilikuwa kitambulisho cha lazima kwa wanaume Waafrika. Sheria yake ilitungwa 1915 ikaanza kubana baada ya vita, kuanzia 1919. Kilikuwa na alama za vidole na orodha ya waajiri, kila mmoja akisaini tarehe ya kuanza na ya kuachisha. Bila saini ya kuachishwa ulikuwa mtoro. Kilivaliwa shingoni, ndiyo maana ya kijaluba na kamba. Cha Tanganyika, hasa kwenye mkonge, kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi thelathini. Ukimaliza ngwe, yaani kipimo cha kazi cha siku, unatiwa alama, na mshahara unatoka zikijaa zote. Thelathini za kazi si thelathini za kalenda. Ugonjwa, mvua au ngwe isiyokwisha viliweza kuzivuta mpaka wiki sita na zaidi. Na kibarua, kama neno lenyewe linavyosema, kilikuwa kijibarua cha siku.

Kuhusu karatasi: usiikunjue kwa nguvu. Chukua ndoo ya plastiki yenye kifuniko, weka sponji yenye maji kidogo chini, juu yake kichanja cha plastiki, karatasi ikae juu ya kichanja bila kugusa maji. Funika, na uangalie kila nusu saa. Ikilegea, kunjua mkunjo mmoja mmoja, kisha iweke kati ya karatasi nyeupe mbili chini ya kitabu kizito kwa siku mbili. Ukiona wino wa zambarau, acha kabisa njia hii. Huo ni wa muhuri au wa penseli ya kopi, na hutapakaa kwa unyevu mdogo tu. Wino mweusi wa vidole kwa kawaida una mafuta na hustahimili. Kijaluba usikisugue kwa majivu wala dawa ya shaba. Kikaushe, kihifadhiwe peke yake kikiwa na namba ileile ya karatasi, kwa sababu kutu hula karatasi inayoigusa.

Babu yangu alikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge kutoka Kasulu. Nataka kumrekodi kabla hatujachelewa. Nina simu tu. (Mwanafunzi, Kigoma)

Simu inatosha. Weka mpangilio wa kurekodi kwenye WAV, 44.1 kHz, biti 16, mono. Saa moja itachukua takriban megabaiti 320, kwa hiyo safisha nafasi mapema. Washa hali ya ndege, maana simu ikiita katikati rekodi nyingi hukatika. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, umbali wa shubiri mbili kutoka kinywani, si juu ya meza tupu inayobeba kila kishindo. Adui zako ni feni, redio ya jirani, kuku na mvua juu ya bati. Chumba chenye godoro na mapazia ni studio nzuri kuliko sebule yenye sakafu ya saruji. Jaribu dakika moja, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na majina. Dakika tisini zitoshe kwa kikao. Mzee akichoka huanza kufupisha.

Kabla ya yote mweleze rekodi itakwenda wapi na muulize mambo matatu: jina litajwe au lisitajwe, nani asikilize, na je, kuna sehemu ifungwe mpaka baada yake. Jibu lirekodiwe kwa sauti yake.

Maswali mabaya ni yale makubwa, kama "Maisha ya manamba yalikuwaje?" Atasema yalikuwa magumu, basi. Uliza vya mkononi: uliandikishwa wapi, na nani? (Ofisi ya kuandikisha watu wa mkonge, SILABU, ilianza 1944. Watu wengi wanalo jina hilo mdomoni bila kujua ni kifupisho cha Sisal Labour Bureau.) Mlisafiri kwa treni siku ngapi, mkala nini? Ngwe ilikuwa mafungu mangapi, fungu majani mangapi? Nyapara alihesabu mbele yenu? Posho ilipimwa kwa kipimo gani? Makato yalikuwa ya nini? Uliporudi ulileta nini? Mwombe aoneshe kwa mikono jinsi ya kukata jani na kuondoa mwiba, kisha wewe eleza kwa maneno kile anachokionesha, maana sauti haioni.

Ukiulizia fedha, uliza sarafu: ilikuwa na picha ya mfalme au ya Nyerere? Shilingi ya Tanzania ilianza 1966. Ukiulizia enzi, uliza kama shamba lilikuwa bado la mzungu au lilishataifishwa, maana hapo kati kuna Azimio la Arusha la 1967.

Na bibi? Kwenye mafaili wanawake wa mashambani huonekana kidogo mno, kwa kuwa makarani waliandika wenye kipande. Lakini nani alipika wakati wa mgomo, nani aliuza togwa, nani alilima kijijini ili babu aweze kulipwa mshahara usiotosha familia? Mrekodi peke yake, siku nyingine. Mkikaa wote pamoja, babu atamjibia.

Kunakili saa moja ya sauti huchukua saa tano au sita, na zaidi kama mzee anachanganya Kiha na Kiswahili. Ukishindwa, andika walau fahirisi: kila dakika tano mstari mmoja wa kilichosemwa. Rekodi isiyo na fahirisi haisikilizwi na mtu.

Barua za wafanyakazi tulizokusanya hazisomeki. Maneno yameungana au kukatwa ovyo, hakuna nukta. Turekebishe? (Kikundi cha vijana, Lubumbashi)

Msirekebishe, someni kwa sauti. Mji wenu ndio wenye mfano mzuri kuliko yote: ile historia ya Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) iliyotungwa 1965 na André Yav kwa niaba ya maboi, kwa Kiswahili cha Shaba, yaani Katanga. Imeandikwa hivyohivyo, maneno yamekatwa pasipotarajiwa. Ilieleweka vizuri iliposomwa kwa sauti na mtu aliyekulia katika lugha hiyo, kisha usomaji huo ukanakiliwa. Fanyeni hivyo. Mzee wa mtaa asome, nyinyi mrekodi, halafu wekeni maandishi matatu sambamba: yaliyo kwenye karatasi herufi kwa herufi, yaliyosomwa, na Kiswahili mnachochapisha. Kosa la tahajia huweza kuonesha mwandishi alitokea wapi na alifundishwa kusoma na nani.

Tunapiga picha mafaili kwa simu. Tuhifadhi wapi, na tunaweza kuyaweka mtandaoni? (Kikundi cha wastaafu wa reli, Tabora)

Kamera ya megapikseli 12, ukurasa wa A4 ukiijaza picha, hutoa zaidi kidogo ya nukta 300 kwa inchi, na hiyo inatosha kwa maandishi. Picha za karatasi ziskaniwe kwa nukta 600. Simu iwe sambamba na meza, kwenye stendi hata ya mbao. Mwanga utoke pande mbili au dirishani kivulini, flashi isitumike. Ukurasa wa kwanza wa kila faili uwe kikaratasi chenye namba yake. Pigeni na kurasa tupu na mgongo wa barua, maana hesabu za michango mara nyingi ziliandikwa nyuma. Kutumiana kwa WhatsApp kama picha kunazipunguzia ubora. Tumeni kama dokumenti. Wekeni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nyumba nyingine, na mzifungue kila mwaka kuona kama zinasomeka. Flashi ya kompyuta peke yake si hifadhi.

Mtandaoni nendeni polepole. Mafaili ya watumishi yana magonjwa, madeni na tuhuma za wizi ambazo hazikuthibitishwa, na watoto wa waliotajwa wapo. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, Kenya ya 2019. Mihtasari ya mikutano na picha za maandamano kwa kawaida hazina shida. Faili la mtu lisubiri.

Mkitaka kulinganisha na upande wa serikali, mafaili ya Idara ya Kazi yako kwenye nyaraka za taifa: Upanga Dar es Salaam, Moi Avenue Nairobi, Kilimani Zanzibar. Ulizeni kuhusu kibali kabla ya kusafiri, na mwende na miaka na majina ya ofisi. "Historia ya wafanyakazi" si jina la faili. Karatasi za Makhan Singh, mwanzilishi wa vyama vya wafanyakazi Kenya aliyekuwa haachi kikaratasi kipotee, ziko Chuo Kikuu cha Nairobi. Mafaili ya London yaliyoondolewa makoloni wakati wa uhuru yana alama FCO 141, na yalianza kufunguliwa 2012. Magazeti msiyasahau: *Kwetu* la Erica Fiah kuanzia 1937, na *Mfanyakazi* la NUTA. Polisi na makarani waliandika walichokiogopa, kwa hiyo kwenye mafaili ya serikali kila mgomo una "wachochezi". Someni orodha ya madai iliyoambatishwa nyuma kabla ya kusoma ripoti iliyo mbele.

Nina fulana na kanga za Mei Mosi za miaka thelathini. Nizifue? (Msomaji, Morogoro)

Zenye jasho na madoa ya chakula, ndiyo, maana huvuta mende. Jaribu kwanza rangi kwa pamba yenye maji kwenye pindo. Ikitoka, usifue. Isipotoka, fua kwa mkono kwa maji baridi na sabuni kidogo isiyo na bluu, suuza mara tatu, anika kivulini ikiwa imelazwa. Usipige pasi juu ya maandishi, na usikunje juu yake. Izungushe kwenye bomba la karatasi nene lililofunikwa kwa kitambaa cha marekani, maandishi yakiwa nje. Andika jina la chama, mwaka na mji kwenye kitambaa kidogo kwa penseli, ukishone kwenye pindo.